Uwanja wa Nyasi, Saa 12 Kasorobo

Saa 11:30 alfajiri
Ni mwezi wa Mei, miaka ya sabini, katika nyanda kavu za kati ya Tanzania. Uwele umeanza kukomaa. Kabla hakujapambazuka, bibi mmoja na mjukuu wake wa kike wamekwisha kupanda dungu lililo katikati ya shamba. Binti ana kombeo na rundo la mabonge ya udongo. Bibi ana debe bovu na kipande cha mti cha kulipigia. Wanaamia. Wiki ya pili sasa wanashinda juu ya dungu hilo toka jua likichomoza mpaka litue, na sauti ya bibi imekauka kwa kupiga kelele.

Mwanga unapoanza kuonekana, kweleakwelea wanainuka kutoka kichaka cha miiba walikolala. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, naye anakula punje za kama gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni mbili, basi, linaweza kumaliza tani 20 za nafaka kwa siku moja. Mbele ya hesabu hiyo debe bovu ni ushujaa mtupu, na ndiyo maana kijijini hakuna aliyepinga bwana shamba alipotangaza kwamba leo eropleni inakuja.

Saa 3:00 asubuhi
Inakuja kweli, ya manjano, kiti kimoja, injini moja, mabomba membamba yamening'inia chini ya mabawa. Inazunguka mara mbili juu ya mapaa ya tembe, kisha inatua kwenye uwanja wa nyasi ambao wanakijiji wameufyeka wenyewe kwa msaragambo. Rubani anashuka akiwa na vumbi usoni, anawasalimia wazee kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani. Wazee wanampenda papo hapo.

Ndege za namna hii si za abiria zilizogeuzwa kazi. Ingawa unyunyiziaji dawa kutoka angani ulijaribiwa mara ya kwanza mwaka 1921 huko Ohio, Marekani, ilipita miaka mingi kabla mtu hajakaa na kubuni ndege ya shamba kwa kuanzia na swali la ajali: ikianguka, rubani ataponaje? Majibu yalipatikana mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Injini na tangi la dawa vikawekwa mbele, rubani akakalishwa juu na nyuma yake, akafungwa mikanda ya mabega, na pua ikaundwa ili ipondeke kwanza na kumeza kishindo. Walioumba ndege hiyo walimfikiria sana aliye ndani yake.

Saa 6:00 mchana
Lori limeleta mapipa ya dawa. Ni jamii ya ogano-fosfati, nzito, yenye harufu inayokaa kooni. Pamoja na mapipa ameshuka kijana mpakiaji, mwenye pampu ya mkono, glovu moja iliyochanika na nyingine nzima. Ndiye mtu pekee hapo, ukimwacha rubani, aliyewahi kusomewa maandishi ya kwenye pipa.

Bwana shamba na rubani wanaupima uwanja kwa hatua. Upande wa magharibi unaanzia penye majani mafupi. Upande wa mashariki unaishia kwenye kichuguu kikubwa, na hatua chache baada yake upo mbuyu, na chini ya mbuyu inapita njia ya kisimani. Mvua za mwisho zimenyesha juzi. Katikati ya uwanja ardhi bado ni laini, kisigino kinazama. Rubani anasimama hapo muda mrefu kuliko penginepo. Halafu anaendelea kuhesabu.

Mwanamke mmoja anauliza kama mapipa yakiisha wanakijiji watapewa, maana yanafaa sana kuwekea maji. Anaambiwa hapana. Haambiwi kwa nini.

Saa 9:30 alasiri
Shule imefungwa. Watoto hawaendi nyumbani, wanakwenda uwanjani. Mchuuzi wa karanga amekwisha kujua njia ya kupata riziki, na wazee wameletewa vigoda. Kila aliyeiona ndege ikitua asubuhi ana maoni yake kuhusu mahali pazuri pa kusimama itakaporuka, na maoni ya wengi ni yale yale: chini ya mbuyu. Pale itapita juu ya vichwa kabisa, na kivuli kipo.

Mgambo wawili wamepewa kazi ya kuwazuia watu wasiisogelee ndege iliyosimama, na wanaifanya kwa bidii. Hakuna aliyewaambia wawazuie wasisimame kule itakakopita. Hofu ya siku hiyo yote imeelekezwa kwenye rafadha inayozunguka.

Saa 11:00 jioni
Kupakia kunaanza. Kweleakwelea hunyunyiziwa jioni, wakirudi kulala, kwa sababu ni wakati huo tu wanapokusanyika mahali pamoja. Mapema mno wangali mashambani, na giza likiingia rubani haoni. Dirisha la kazi ni dogo, kama nusu saa. Ndiyo sababu kichaka kile kikubwa kinafanyiwa hesabu ya safari moja badala ya mbili, na tangi linajazwa.

Mpakiaji anasukuma pampu na kuhesabu. Fulana yake imelowa jasho na matone mengine yasiyo jasho. Kwenye ndoo pembeni ana maji na kipande cha sabuni cha ukubwa wa kidole gumba. Ananawa mara mbili, kama alivyofundishwa.

Saa 11:35 jioni
Upepo, ambao mchana kutwa umevuma kutoka mashariki kama kawaida ya msimu huo, unatulia. Kitambaa kilichofungwa juu ya mti kinalala. Kisha kinacheza kidogo, kikielekea upande mwingine.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa mkasa wote umo ndani ya robo saa hii na bado hakuna kosa hata moja kubwa la kuonyeshwa kidole. Uwanja uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto ni nyuzi 28. Hewa ya namna hiyo ni nyepesi kama ile ya mita 1,800, mabawa yanapata kidogo cha kukanyagia na injini inapata kidogo cha kuvuta. Uzito ukizidi kwa sehemu moja ya kumi, umbali wa kuruka unarefuka kwa sehemu moja ya tano. Nyasi zenye unyevu zinaongeza zaidi ya robo. Upepo wa nyuma, hata ule usiotikisa kofia, unaongeza sehemu nyingine ya tano. Marubani hufundishwa kwamba nyongeza hizi hazijumlishwi, zinazidishana. Uwanja uliotosha asubuhi, tangi likiwa tupu na upepo ukitoka mbele, jioni unahitaji kuwa karibu mara mbili. Nao ni ule ule.

Saa 12 kasorobo
Rubani anafunga mikanda. Injini inanguruma, nyasi zinalala, watoto wanaziba masikio huku wakicheka. Ndege inaondoka polepole, inashika kasi, inafika penye ardhi laini na kasi inakwama. Walio kwenye vigoda hawaoni tofauti. Mpakiaji anaiona, anasimama wima, pampu mkononi.

Mkia umeinuka. Magurudumu hayajainuka. Sasa kilichobaki mbele ni kifupi mno kwa breki, na rubani anafanya jambo analopaswa kufanya, jambo ambalo ndege ile imeundiwa: anavuta wenzo wa dharura ulio kando ya mkono wake wa kushoto. Mlango ulio chini ya tangi unafunguka na mzigo wote unamwagika kwa sekunde chache. Ndege iliyopunguziwa uzito inaruka juu ghafla. Inapita juu ya kichuguu, au karibu ipite. Gurudumu moja linagonga kilele chake. Bawa linashuka, linakata tawi la mbuyu, na ndege inapinduka ng'ambo ya njia ya kisimani ikiwa tumbo juu.

Haimwangukii mtu yeyote. Kwa dakika kadhaa watu wanamshukuru Mungu kwa hilo. Kilichowaangukia walio chini ya mbuyu ni kile kilichomwagwa.

Saa 12 kasoro dakika kumi
Watu wanakimbia, nao wanakimbilia ndege. Hicho ndicho kinachoumiza zaidi katika kumbukumbu hii: hakuna aliyekimbia kujiokoa. Mchunga ng'ombe wa miaka kama ishirini ndiye anayefika wa kwanza. Anatambaa chini ya bawa, kwenye dimbwi la mafuta na dawa, anakata mikanda kwa kisu chake na kumbeba rubani mgongoni. Rubani amevunjika mguu lakini yu hai, anazungumza. Anarudia neno moja, maji, na watu wanadhani ana kiu.

Mtu anakuja na maziwa kwenye kibuyu, kwa maana kila mtu anajua maziwa yanaua sumu. Rubani anasukuma kibuyu. Wanambembeleza anywe.

Saa 12:00 jioni
Mpakiaji amefika mbuyuni. Anapiga kelele: vueni nguo, ogeni, vueni nguo zote! Wanamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mbele yake yupo mama mwenye mtoto mgongoni, kanga zake mbili zimelowa chapachapa, na hatua tatu kutoka kwake amesimama baba mkwe wake. Vua nguo. Mbele ya mkwe, mbele ya mwalimu, mbele ya watoto. Yapo mambo ambayo mtu anaona heri kufa kuliko kuyafanya, na jioni ile msemo huo unageuka kuwa chaguo halisi.

Wengine wanajifuta kwa nguo zile zile zilizolowa. Wengine wanaondoka taratibu kwenda nyumbani, wakiwa na aibu ya kunuka.

Anayekata fundo ni bibi wa kule kwenye dungu. Amefika amechelewa, kwa sababu alikataa kuondoka shambani kabla kweleakwelea hawajapita. Hajui ogano-fosfati ni nini. Ila ameshawaona mbuzi wanne wa jirani wakianguka na kurusha miguu chini ya mbuyu, na anamwamini kijana yule zaidi ya anavyoiamini aibu. Anawaita wanawake wazima watatu, anawaambia wafunue kanga zao kavu na kuzishika ziwe ukuta. Wanaume anawaamuru wageuke waangalie magharibi. Wanageuka, mkwe wa kwanza. Mama na mtoto wanaoga maji ya kisima nyuma ya ukuta wa kanga, na baada yao wengine.

Kipande cha sabuni cha mpakiaji kinaisha kwa watu watano. Mwalimu anampa mwanafunzi ufunguo wa stoo ya shule, ambako kuna miche ya sabuni ya kufulia, na mwanafunzi anakimbia kwenda na kurudi.

Saa 12:40 jioni
Jua limetua. Mtoto mmoja anatapika. Kisha mwingine. Mchuuzi wa karanga anakaa chini na kusema macho yake yanaona ukungu.

Dawa hii haiunguzi ngozi, inapita ndani yake kimyakimya. Mwilini inakifunga kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima amri za neva baada ya kufika kwenye misuli na tezi. Amri isiyozimwa inaendelea: mate yanatiririka, jasho linatoka, mboni zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, nyama za mwili zinachezacheza, na mapafu yanajaa majimaji yake yenyewe. Haina haraka sawa kwa wote. Aliyelowa sana anaweza kuanza kuugua ndani ya dakika chache. Mwingine anakula chakula cha jioni, anaaga, anakwenda kulala.

Mtu anataka kuwasha taa ya chemli kuwaangalia wagonjwa. Fundi baiskeli anamzuia, mafuta ya ndege yametapakaa kote. Wanafanya kazi kwa mbalamwezi.

Saa 2:00 usiku
Zahanati ina mganga mmoja, muuguzi mmoja, vitanda vinne na boksi moja la atropini, vichupa kumi. Mganga anajua dawa ndiyo hiyo. Anajua pia kwamba mtu mmoja aliyeathirika sana huhitaji sindano moja baada ya nyingine, kila baada ya dakika chache, mpaka kifua kikauke, na kwamba boksi zima laweza kuishia kwa mtu mmoja.

Uamuzi anaoufanya hausimuliki kirahisi. Anapita na tochi, anainua kope, anatazama mboni na kusikiliza vifua. Wenye majimaji kifuani anawapa. Wanaotoa mate tu anawaambia wasubiri, na kuwalaza ubavu. Mtoto wa yule mama wa mbuyuni yuko kwenye mkeka pembeni, analia kwa nguvu. Mganga anamwambia muuguzi kilio cha namna hiyo ni habari njema.

Mchunga ng'ombe hayupo zahanati. Baada ya kumkabidhi rubani alijifuta, akarudi kutafuta ng'ombe wake waliotawanyika kwa kishindo cha ndege. Nguo yake ni ile ile.

Saa 4:00 usiku
Land Rover ya shamba la serikali inaondoka kwenda hospitali ya wilaya ikiwa na rubani, mchuuzi wa karanga na watoto waliozidiwa. Njia ni ya matope. Muuguzi amepanda nyuma akiwa na vichupa viwili vya mwisho kwenye mfuko wa gauni, na mikono yake mitupu imekuwa ikivua watu nguo tangu magharibi. Njiani anaanza kutokwa jasho. Anadhani ni joto la kubanana. Rubani, ambaye anaijua dawa hiyo kwa miaka, anamwambia dereva asimamishe gari penye mto, na muuguzi anaogeshwa mtoni kwa taa za gari.

Saa 7:00 usiku
Ndugu wa mchunga ng'ombe wanamkuta karibu na zizi. Ng'ombe wote wameingia, lango limefungwa kwa miti yake yote mitatu, na yeye ameketi ameegemea nguzo, hawezi kupumua. Wanambeba kwenda zahanati. Wawili waliombeba wanaogeshwa kabla ya kuingia ndani. Mganga amekwisha kujifunza. Boksi la atropini ni tupu. Anafariki kabla ya saa nane.

Watu wengine wanakufa usiku ule: mtoto wa darasa la pili, na mzee aliyekuwa kwenye kigoda cha mbele kabisa, ambaye alirudi nyumbani na kukataa kuoga baridi. Hesabu hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mikasa inayojaza magazeti. Kijijini hakuna anayeilinganisha.

Saa 12:00 asubuhi
Kweleakwelea wanainuka kama jana, wote. Baadhi wanashuka kwenye mbuyu, na wanaangukia pale pale. Kuna watoto wanaowakimbilia, kwa kuwa kitoweo cha kweleakwelea ni kitamu na nyanda hizi zinajua kuwatega. Binti wa kwenye dungu, mwenye miaka kumi na mmoja, anawafukuza watoto kwa kombeo lile lile. Mabonge ya udongo yanawapata miguuni. Wanalia, wanakwenda kumshtaki, lakini hakuna aliyekula.

Wiki tatu baadaye, saa 4:00 asubuhi
Rubani amekuja kwenye mkutano wa kijiji akitembelea magongo. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemzuia. Wazazi wa mchunga ng'ombe wanamkalisha karibu nao. Baba anataka kujua jambo moja: kama mwanawe asingemtoa, angekufa? Rubani anafikiri, na anajibu ukweli. Ndege haikuwaka moto, mikanda ilikuwa imemshika, pengine angengoja. Mzee anakaa kimya, kisha anasema mwanawe hakuwa na namna ya kujua hilo. Rubani anasema hata yeye, akiwa amening'inia kichwa chini, hakulijua.

Wapo wanaotaka mkosaji apatikane. Mwenyekiti anawaacha waseme. Lakini kila jina linalotajwa linaangukia mtu aliyekuwa akifanya alichoambiwa: mgambo walilinda ndege, bwana shamba alitafuta ndege kabla mavuno hayajaisha, rubani alivuta wenzo aliofundishwa kuuvuta, mganga aliagiza atropini na kupewa boksi moja. Ukweli mgumu wa siku ile ni kwamba maarifa yote yaliyohitajika yalikuwepo uwanjani. Yalikuwa kichwani mwa rubani na kwenye maandishi ya pipa, nusu yake kwa mpakiaji. Walioyahitaji ndio hawakupewa, na muda wa kupewa ulikuwepo, tangu saa tatu asubuhi.

Bibi anasimama mwisho. Anamuuliza bwana shamba mche mmoja wa sabuni unauzwaje dukani. Bwana shamba anataja bei. Bibi anauliza tena, na pipa la eropleni je? Bwana shamba anasema hajui, ni ghali. Bibi anakaa.

Mkutano haukatai ndege. Uwele bado unaliwa, na hakuna anayejifanya vinginevyo. Unaandika masharti. Tangi lisizidi nusu, hata ikibidi safari mbili kwa jioni mbili. Kichuguu kivunjwe. Mtu mmoja akae na kitambaa cha upepo, na kikigeuka ndege isubiri au iruke kutoka upande wa pili. Njia ya kisimani ifungwe tangu saa kumi, na watazamaji wakae ubavuni mwa uwanja, ng'ambo ya mtaro. Mapipa mawili ya maji safi, sabuni na kanga kavu vikae pande zote mbili. Atropini ije na lori lile lile linaloleta dawa, na isipokuja lori lirudi. Mapipa matupu yatobolewe mbele ya mwenyekiti.

Msimu uliofuata lori linafika bila atropini. Bwana shamba ni mgeni, anaeleza kwamba itafuata kesho kutwa, na kwamba kweleakwelea hawatasubiri. Mpakiaji, yule yule, anafunga tena turubali juu ya mapipa na kumwambia dereva ageuze gari.